Mwongozo kamili wa kula Zanzibar pizza kwenye kibanda cha mtaani (na pizza ya kipande pia)

Watu wengi wanaijua Zanzibar pizza kwa Forodhani tu, pale bustanini, taa, wageni, mafundi na kofia zao nyeupe na kila mmoja anakuita uende kwake. Mimi sina neno na Forodhani, bustani imependeza toka ilipofunguliwa tena 2009 baada ya matengenezo ya Aga Khan na ukiwa na mgeni lazima umpeleke. Lakini ukitaka kula hasa, ukashiba na roho ikatulia, nenda kibanda cha mtaani. Jang'ombe, Kikwajuni, Miembeni, Michenzani, Amani, Kwerekwe, Fuoni, kokote unapokaa. Fundi wa mtaa anawapikia watu wale wale kila siku, leo akiharibu kesho mtaa mzima unajua na keshokutwa anakaa na madonge yake peke yake, kwahiyo anajitahidi. Yule mwenye wateja wa siku moja halazimiki hivo.

Naandika hii kwa wanafunzi waliohamia mjini, kwa ndugu zetu wa bara wanaokuja kufanya kazi, na kwa wenyeji pia mana naona wengi wanaagiza vibaya halafu wanalaumu pizza. Ntaeleza hatua kwa hatua. Kubwa ninalotaka ulishike ni kwamba pizza hii inaliwa pale pale, ikiwa moto, na umeisimamia mwenyewe toka ikiwa donge. Mengine yote yanafata hapo.

Kwa asiyeijua kabisa: sio ile ya Italia ya kuoka kwenye oveni. Hii ni unga wa ngano unaotandazwa mwembamba sana, ndani kinatiwa kima (nyama ya kusaga) na yai na viungo, inakunjwa pande nne halafu inakaangwa kwenye chuma kipana kwa samli au mafuta. Ukoo wake ni mmoja na mutabbaq ya Yemen na Saudia, na murtabak ya Malaysia na Singapore, na kwa wenzetu wa Mombasa na Lamu kuna mkate wa mayai ambao ukiuona tu unajua ni ndugu yake.

SAA YA KWENDA

Vibanda vingi vinaanza kuwasha jiko baada ya laasiri na vinachanganya baada ya Magharibi. Usiwe wa mwanzo kabisa, chuma kinakua hakijashika moto sawasawa, pizza mbili tatu za mwanzo zinatoka na madoa, huku pameungua huku peupe. Na usiende usiku mwingi, saa nne kwenda mbele, mana hapo kima kimeshakaa, madonge yamelainika kupita kiasi na fundi mwenyewe kachoka anataka kufunga.

Mimi wakati ninaoupenda ni pale watu wakitoka msikitini Magharibi mpaka Isha. Chuma kishakolea, kima bado kipya, foleni fupi. Baada ya Isha ndo msongamano, hasa Ijumaa na Jumamosi, na ukienda muda huo basi jiandae kusubiri na usimkere fundi.

Ramadhani ni ratiba nyengine kabisa. Mchana hakuna kitu na wewe usiulize, hata kama hufungi heshimu watu, usile njiani. Baada ya futari watu wanakua wameshiba mihogo na uji na tambi, kwahiyo pizza inaanza kutoka baada ya tarawehe na inakwenda mpaka karibu na daku. Kwangu mimi huo ndio msimu mzuri kuliko wote wa kukaa kibandani, mtaa mzima uko nje, watoto hawalali, na fundi anapika mfululizo bila ya moto kupoa.

Masika, yani Machi mpaka Mei, mvua ikipiga wengine hawafungui kabisa mana wengi wako chini ya turubai tu. Uliza kabla hujatoka nyumbani.

KUCHAGUA KIBANDA

Hapa usiwe na haraka. Simama pembeni uangalie fundi anapika pizza moja mwanzo mpaka mwisho, dakika chache tu, utajua kila kitu.

Angalia madonge kwanza. Yanatakiwa yawe kwenye sinia, yamepakwa mafuta na yamefunikwa. Donge likiachwa wazi linakauka juu, linafanya ngozi, na likitandazwa linachanika. Halafu donge lazima liwe limepumzishwa, saa nzima au zaidi, kwasababu unga ukishakandwa unakaza, ukiutandaza wakati huo unajirudi wenyewe. Ukiona fundi anavuta na unga unarudi, anavuta tena unarudi, ujue donge bado changa na pizza itakua nene na ngumu. Fundi mzuri analigandamiza donge kwenye ubao wenye mafuta, anazungusha viganja mara kadhaa, na unga unakwenda mpaka unaona rangi ya ubao kwa chini.

Kima. Kiwe kwenye bakuli dogo lililofunikwa, na akiba iwe kwenye friji au kwenye deli lenye barafu. Ukiona beseni zima la kima liko wazi juu ya meza toka alasiri, na joto hili letu, ondoka. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili nje ya friji, na hicho ni kilichopikwa, sembuse kibichi. Mafundi wengine wanakichemsha kima kabla, wengine wanakitia kibichi kinaivia ndani ya pizza. Mimi nachagua kilichopikwa kabla, ladha inakua imeingia na huna wasiwasi, lakini kibichi nacho kinaliwa ilimradi unga ni mwembamba, kima kimetawanywa na moto haukuwa wa pupa. Uliza tu, "fundi, kima umekipika?" hakuna atakayekasirika.

Mafuta ya kwenye chuma yawe na rangi ya mafuta. Yakiwa meusi na yana moshi wa kuwasha macho basi pizza yako itanuka ya watu kumi waliotangulia. Mayonezi vilevile, kopo likae kwenye ubaridi na lifungwe.

Mkono unaoshika pesa usiwe ule unaoshika unga. Vibanda vizuri vina kijana wa kupokea pesa, au fundi anakuambia weka mwenyewe kwenye kopo uchukue chenji. Na kuwe na maji na sabuni ya kunawa, ndoo yenye koki inatosha.

Alama ninayoiamini kuliko zote lakini ni watoto waliotumwa na sahani. Ukikuta kibandani kuna watoto watatu wanne wamesimama na sahani za kwao zimefunikwa na kawa au kitambaa, wanasubiri pizza za nyumbani, basi kaa hapo hapo. Mama wa mtaa hatumi mtoto pahala asipopaamini.

SALAMU, FOLENI NA BEI

Ukifika toa salamu, "Salaam alaykum", kwa wote waliokaa pale sio kwa fundi peke yake. Mkubwa mpe shikamoo yake. Halafu uliza nani wa mwisho, ukae nyuma yake. Hapa hakuna namba wala karatasi, foleni iko kwenye vichwa vya watu na fundi anaijua vizuri, ukijitia kusogea mbele utasikia. Aliyetumwa mtoto anahesabika sawa na mkubwa, usimruke mtoto kwasababu ni mdogo, nyumbani kwao kuna watu wanasubiri.

Fundi muite fundi. Kama ni mtu mzima muite ami au mjomba, kama ni rika lako kaka inatosha. Kwa akina dada na akina mama wanaoona tabu kukaa kwenye benchi lililojaa wanaume, vibanda vingi vina viti pembeni au unaagiza ukapelekewa garini au barazani kwa jirani, sema tu unakaa wapi.

Bei uliza kabla yai halijavunjwa. Sio kwamba watu ni wezi, ila bei ya Zanzibar pizza inapanda kwa kilichomo, ya kima tupu na yai moja ni bei moja, ukiongeza chizi (jibini) inaongezeka, ukiongeza yai la pili inaongezeka, ukisema kamba au pweza hapo umeshakwenda kwengine kabisa. Kwahiyo sema "ya kima bei gani? Na nikitia chizi?" ukubali au ukatae, mambo yaishe. Mtaani watu hawavutani sana bei, imejulikana, ukianza kupunguza punguza kama unanunua kanga Darajani unamvunja moyo fundi tu. Chukua noti ndogo ndogo, wengi wanapokea kwa simu pia lakini mtandao ukigoma usiku utaona aibu.

KUAGIZA (hapa ndipo watu wengi wanapokosea)

Fundi ana bakuli saba nane mbele yake na wewe una njaa, unataka vyote. Usifanye hivo. Unga ule ni mwembamba, unabeba kwa kiasi, ukiujaza unapasuka kwenye chuma, yai linamwagika, au unabaki mbichi katikati wakati nje umeshaungua. Pizza nzuri ya mtaani ina vitu vinne vitano vinavyoelewana, ntakueleza kila kimoja kazi yake.

Kima ndo msingi, vijiko viwili vya kulia au zaidi kidogo. Vitunguu maji vikatwe vidogo vidogo, ndivyo vinavyotoa utamu, kimoja kidogo kinatosha pizza moja. Pilipili boga inaleta harufu na ukakasi mzuri kwenye meno. Tungule, yani nyanya, naipenda lakini ina maji, mwambie fundi atie kidogo na atoe mbegu, vinginevyo pizza inalowa kwa ndani na ukiikata maji yanatiririka sahanini. Karoti na kabichi wengine wanatia, mimi naona vikae kwenye kachumbari pembeni.

Yai ndilo gundi. Bila yai kima kinamwagika ukiikata, ni unga na nyama kila mmoja na njia yake. Yai moja kwa pizza ya kawaida linatosha. Mawili kama una njaa au kama hutaki kima kingi. Mafundi wazuri wanalivunja juu ya kima na kulikoroga pale pale juu ya unga kwa kidole au kijiko bila kuutoboa, na hilo ni jambo la kutazama, mkono mwepesi kabisa. Wengine wanachanganya kwenye kikombe kwanza halafu wanamimina, hiyo nayo sawa, inachanganyika zaidi.

Chizi inayotumika mtaani ni ile ya pembe tatu iliyofungwa karatasi ya rangi ya fedha. Inayeyuka haraka na inachanganyika na yai, inakua krimu. Kipande kimoja. Ukitia chizi basi mayonezi punguza, kijiko kimoja cha chai, mana zote mbili ni mafuta na zikizidi ladha ya kima inapotea kabisa. Ukiniuliza mimi uchague moja, chagua chizi.

Pilipili mwambie ya pembeni. Ikitiwa ndani huwezi kuitoa, na pilipili zetu za kusaga na ndimu unazijua mwenyewe.

Maneno ya kuagizia basi ni haya, unaweza kuyasema kama yalivyo: "Fundi, nifanyie moja ya kima, yai moja, chizi, tungule kidogo, pilipili pembeni, na uikaushe." Hilo la mwisho, uikaushe, linamwambia unataka iwe kavu nje, isitoke kwenye chuma bado laini. Neno dogo lakini linabadilisha pizza nzima.

Kwa ya kuku, kuku awe ameshachemshwa na kuchambuliwa. Kwa vya baharini kuwa muangalifu zaidi: pweza lazima awe amechemshwa mpaka akalainika kabla hajafika kibandani, hawezi kulainikia kwenye pizza dakika tano, na ngisi akizidishwa moto anakua mpira. Kamba ndio wanaokubali, wanaiva upesi. Mimi vya baharini ndani ya pizza naagiza pale tu ninapojua fundi anavinunua siku ile ile, wengi mtaani hawavipiki kila siku kwahiyo uliza. Asiyekula nyama aseme mboga na mayai mawili, inatoka nzuri sana, watu wanaidharau bure.

Ya tamu ni hadithi yake. Ndizi na chokoleti ya kupaka ndio inayojulikana, na msimu wa embe, kwenye Disemba na Januari, ya embe usiikose. Lakini agiza ya chumvi kwanza, halafu ya tamu mgawane wawili watatu, na muombe fundi afute chuma na abadilishe kisu kabla hajaipika. Ndizi yenye harufu ya kitunguu haipendezi, na fundi ukimuomba kwa adabu anafuta bila tabu.

Idadi: mtu mzima mwenye njaa pizza moja inamtosha, ukila mbili unabeba usiku mzima tumboni. Watoto wawili wanagawana moja. Kama mko wengi msiagize zote kwa mpigo zikaja zikapoa, semeni zitoke mbili mbili.

WAKATI INAPIKWA

Usiende kukaa na simu. Simama uangalie, hii ni sehemu ya kula.

Akishatandaza unga, fundi anaweka kipande chengine kidogo cha unga katikati, kabla ya kutia kima. Hicho ndicho kinachozuia kutoboka pale penye uzito. Ukiona fundi hakiweki muulize kwa upole. Akishatia vitu anakunja pande zote nne kuja kati mpaka inakua mraba, anaibeba kwa mkono mmoja au kwa mwiko wa bapa na kuilaza kwenye chuma, na upande uliokunjwa unakwenda chini kwanza ili ujifunge kwa moto.

Samli au mafuta yanamwagwa pembeni, kidogo kidogo, yakiingia chini. Samli inanukia vizuri zaidi na wengine wanaitia mwisho tu kwa harufu. Moto uwe wa wastani. Kwenye mkaa fundi anasogeza makaa na kijiti, na ndio mana mimi napenda wa mkaa ingawa wengi skuhizi wako kwenye gesi, mkaa unakausha pembe vizuri. Dakika tano hivi, saa nyengine zaidi kidogo, anaigeuza mara moja au mbili. Usimuambie afanye haraka! Moto ukizidishwa nje inakua kahawia na ndani yai linachuruzika.

Utajuaje imeiva: fundi akiigandamiza na mwiko haitoi maji ya yai pembeni, inarudi juu kidogo, na rangi ni ya dhahabu pande zote mbili na madoa machache ya kahawia. Ikikatwa, yai liwe limeganda na kima kisiwe na wekundu. Ikiwa bado, irudishe, sema "fundi, irejeshe kidogo", ni jambo la kawaida na hakuna anayelichukia. Mama mjamzito, mtoto mdogo, mzee, hao hasa wasile yai linalochuruzika.

KULA

Inaletwa imekatwa vipande vidogo vya mraba, kwenye sahani au kwenye karatasi, na kachumbari au kabichi iliyotiwa mayonezi pembeni, pilipili ya kusaga kwenye chupa au kibakuli. Nawa mkono hata kama umepewa uma au vijiti vya meno vya kuchomea, Bismillah, mkono wa kulia.

Subiri dakika moja. Chizi na yai vya ndani vinaunguza ulimi na ukishaungua huli kitu. Anza na vipande vya pembeni, hivyo vina unga zaidi na vimekauka, vinapoa haraka, na wakati unavila vile vya katikati vinatulia. Vya katikati ndio vyenye mali, kima kingi na unga laini, viache viwe vya mwisho. Kamulia ndimu mwanzo, kabla ya pilipili, ndimu inakata mafuta na utaona unahitaji pilipili kidogo kuliko ulivyofikiri. Tomato sosi mimi siitii, ina sukari nyingi na inaua harufu ya samli, ila watoto wanaitaka na wapewe.

Kachumbari ile ya pembeni iangalie kabla hujaila. Iwe imekatwa karibuni, ina maji maji yake safi. Iliyonywea na kunuka uchachu iache sahanini. Vitu vibichi ndio vinavyoumiza watu matumbo zaidi kuliko hiyo pizza yenyewe iliyopita motoni.

Kinywaji: juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi ndio mwenzake hasa, ikikamuliwa mbele yako. Ukwaju nao mzuri, na msimu wa bungo ukikuta juisi ya bungo usifikirie mara mbili. Barafu uliza imetoka wapi, kama hawana uhakika kunywa bila barafu. Wazee wanakula na kahawa chungu na wanajua wanachofanya, ile kahawa inasafisha mafuta mdomoni. Urojo na pizza kwa kikao kimoja sikushauri, vyote viwili vizito, chagua siku.

Mkila kwenye sahani moja kila mtu ale upande wake, na kipande cha mwisho apewe mgeni au mkubwa. Ukimaliza mwambie fundi "ahsante, tumekula vizuri", lipa, ondosha karatasi yako pale barazani.

UKIKUTA PIZZA YA OVENI, YA KUUZWA KIPANDE

Mjini na huko shamba upande wa mashariki, Kiwengwa, Paje na Jambiani, wanakotembelea Wataliano na wageni wengine, kuna maduka ya pizza ya oveni na baadhi yake yanauza kwa kipande. Mambo yake mengine kidogo.

Kuna mbili usizichanganye. Ya Napoli inaokwa kwenye oveni ya kuni yenye joto la nyuzi 430 mpaka 480 hivi, dakika moja au moja na nusu imeshatoka, laini katikati, na ufundi wake UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2017. Hiyo kawaida inauzwa nzima, na huko kwao Napoli ikiuzwa njiani inakunjwa mara mbili ikawa robo, mtu anakula anatembea. Ya New York ndiyo hasa ya vipande, inafanywa kubwa, upana wa inchi 18 kama sentimita 45, inakatwa vipande vinane, inakaa dukani na ukiagiza kinarudishwa ovenini kidogo.

Kwahiyo kwenye duka la kipande swali lako la kwanza liwe "ipi imetoka sasa hivi?" na uchukue hiyo, hata kama sio uliyoifikiria. Kama zote zimekaa, omba kipande kirejeshwe ovenini au kwenye chuma, sio maikrowevu, maikrowevu inafanya unga uwe mpira. Kinyanyue uangalie chini: pakavu, pana madoa ya kahawia, kinasimama bila kulegea kabisa. Kikiwa cheupe chini kimeokwa kwa moto mdogo. Kikunje kwa urefu kati kati, ncha iwe mbele yako, kula kuanzia nchani, sahani au karatasi iwe chini mana mafuta yanadondoka. Na muulize nyama iliyo juu ni ya nini. Maduka ya mtaani kwetu ni halali lakini kwenye hoteli za pwani kuna zinazopikia wageni nyama nyengine, na kisu na oveni ni zile zile, kwahiyo Muislamu aulize kabla ya kuagiza.

WENYE MZIO NA WENYE MARADHI

Sitosema mengi. Zanzibar pizza ina ngano, mayai na maziwa, na chuma ni kimoja kwa wote, kwahiyo mwenye mzio wa kamba au mayai hata akiagiza ya mboga tu chuma kile kimepita vitu vyote. Chokoleti ya kupaka nyingi zina njugu za kizungu ndani yake, mwenye mzio wa njugu ajue. Wenye presha waombe kima kisicho na chumvi nyingi na waache chizi. Wenye sukari ile ya tamu wagawane, kipande kimoja viwili. Chukua tahadhari mwenyewe, usimuachie fundi.

KUCHUKUA NYUMBANI

Hatua ni zile zile ukiwa Mjini, au Pemba kule Chake na Wete. Nenda na sahani yako au deli la chakula, na usilifunge kabisa, acha upenyo mvuke utoke, pizza ikifungwa ikiwa moto inajilowesha kwa mvuke wake na ule ukavu wote uliouombea unakwisha. Usiifunge kwenye plastiki. Mwambie fundi asiikate, nzima inashika moto zaidi, utaikata nyumbani. Kama kwenu mbali, pilipili na kachumbari zifungwe mbali mbali.

Ikipoa, weka chuma cha chapati jikoni moto mdogo, usitie mafuta, ilaze pizza, dakika mbili kila upande mpaka uisikie inalia kidogo na katikati ikawa moto kabisa. Iliyobaki usiku itiwe kwenye friji ikishapoa tu, usiiache mezani mpaka asubuhi, na iliwe kesho yake hiyo hiyo. Ya ndizi na chokoleti hairejesheki, chokoleti inaungua kabla unga haujapata moto, hiyo imalizeni usiku ule ule.